Papa mkubwa hayuko tena, hata kule chini kabisa



Jumamosi iliyopita kibandani walionyesha ile filamu ya papa mkubwa, The Meg ya mwaka 2018, ile ambayo Jason Statham anapigana na samaki mkubwa kuliko basi. Mfasiri alipiga kelele kama kawaida yake, sola ilizimika mara mbili, na bado watu walijaa mpaka nje ya mlango. Filamu si shida, tuliipenda. Shida ilianza Jumatatu, watoto wa darasa letu la kusoma walipokuja na swali moja tu: yule papa yupo kweli? Kabla hatujafungua mdomo, kijana mmoja mkubwa akajibu kwa niaba yetu: "Iko. Iko chini kabisa ya bahari, kule watu hawafikaki. Banaificha tu." Basi watoto wawili wakakataa kwenda kuchota maji ziwani. Viboko wa kweli hawawaogopi, wanaogopa papa wa kwenye filamu!

Kwanza tucheke kidogo. Sisi tuliotoka Kivu tukisema papa tunamaanisha baba. Papa mkubwa ni kaka yake baba, yule anayekuja siku ya mahari na kuongeza mbuzi wawili ambao hawakuwa kwenye mazungumzo. Kwa hiyo mtoto mmoja alipouliza "papa mkubwa anakulaka watu?" darasa lote lilianguka. Kwa Kiswahili cha pwani papa ni huyu samaki, na hapa tutamwita hivyo. Yule wa zamani anaitwa megalodoni.

Tumebishana wiki nzima, mpaka tukanyimana chai. Sasa sisi watatu tunaofundisha pale tumekubaliana kuandika msimamo wetu wazi: megalodoni hayupo. Hatusemi "labda". Waliisha wote zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita, na kilindi cha bahari hakiwezi kuwaficha.

Kwamba aliwahi kuishi, hilo ni kweli kabisa. Mwili wake haukuwa na mifupa migumu kama yetu, ulikuwa wa gegedu, kitu laini kama kile cha sikioni, kwa hiyo ulioza. Kilichobaki ni meno na pingili chache za mgongo. Jino kubwa linafika sentimita 18, yaani linajaza kiganja cha mwanaume na vidole vyake. Zamani huko Ulaya watu walikuwa wanayaokota na kusema ni ndimi zilizogeuka jiwe. Miaka ya 1660 msomi mmoja wa Denmark aliyekuwa anafanya kazi Italia, Niels Stensen, alipasua kichwa cha papa, akalinganisha, akaonyesha kwamba zile "ndimi" ni meno. Urefu wa megalodoni unakadiriwa mita 15 hadi 20, na wako wanaosema 24. Tulipima mita 16 kwa kamba pale uwanjani: ukianza mlango wa maktaba unafika kwenye bomba. Papa mweupe wa leo, yule mkali anayeogopwa dunia nzima, ni mara chache apite mita 6.

Sasa hayo meno ndiyo yanayomkana. Papa si kama sisi ambao jino likitoka ukubwani ndiyo basi. Papa anaangusha meno maisha yake yote, maelfu kwa maelfu, na mapya yanasogea mbele. Meno ya megalodoni yamepatikana kwenye mabara yote isipokuwa Antaktika, mengi sana, mpaka yanauzwa kama shanga. Lakini yote ni mawe ya zamani. Kama wangekuwepo hata mia tano tu leo, chini ya bahari kungekuwa na meno meupe, mapya. Halijawahi kupatikana hata moja.

Hapa mwenzetu mmoja alitutolea kitu alichosoma kwenye simu. Meli ya Waingereza iliyoitwa Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, ilivuta meno ya megalodoni kutoka chini ya Pasifiki. Mwaka 1959 mtaalamu aliyeitwa Tschernezky akapima unene wa ganda la manganisi lililoyafunika, akapiga hesabu, akasema moja lina miaka 11,000 na lingine 24,000 hivi. Kwa umri wa dunia hiyo ni kama jana. Tulikaa kimya kidogo, juu ni hoja nzuri. Lakini tulipoendelea kusoma tukakuta shimo lake. Ganda lile halikui kwa mwendo mmoja. Mahali pengine linakua haraka, mahali pengine taratibu sana, pengine linasimama kabisa. Ni kama kusema nyumba ina miaka mingapi kwa kupima vumbi la dirishani, bila kujua nani alipangusa na lini. Hesabu ile ilishakataliwa, ila mtandaoni bado inatembea kama mpya.

Tuje kwenye chakula, na hapa sisi watu wa kambi tunaelewa kuliko mtu yeyote. Mwaka 2022 wataalamu walitengeneza kwenye kompyuta mwili wa megalodoni wa mita 16 hivi, wakitumia uti wa mgongo uliopatikana Ubelgiji. Wakakadiria kwamba alihitaji kilokalori zaidi ya 98,000 kwa siku. Mnajua namba ya posho yetu inavyopigwa: 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, hata kama tangu ikatwe hatujaiona tena hiyo 2,100. Gawanya. Papa mmoja anakula posho kamili ya watu 46 kila siku, na Jumapili hapumziki. Alikuwa anakula nyangumi, alama za meno yake zimebaki kwenye mifupa yao. Tena mwaka 2023 utafiti wa meno ulionyesha kwamba mwili wake ulikuwa na joto kuliko maji, kama digrii 7 zaidi. Mwili wa moto ni jiko lisilozimwa, linataka kuni muda wote.

Sasa mpeleke huyo chini kabisa. Shimo la Mariana linakaribia mita 11,000. Giza tupu, maji ya baridi kama ya friji, na uzito wa maji unakubana zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya hapa juu. Chakula kule ni makombo yanayodondoka kutoka juu. Viumbe wapo, ni kweli: mwaka 2022 kamera ilipiga picha ya samaki kwenye mita 8,336 karibu na Japani. Lakini ni samaki mdogo laini asiye na magamba. Papa wenyewe, hata hawa wa leo, wengi hawazidi mita 3,000 hivi. Yaani tunamtoa mnyama wa maji ya joto, aliyewinda karibu na pwani, ambaye hata watoto wake walikulia maji mafupi, tunamtia kwenye friji lisilo na chakula, halafu tunasema ananenepa.

Sisi wa Baraka, Fizi na Uvira tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Tumekua kando ya Ziwa Tanganyika, mita 1,470 kwenda chini, la pili kwa kina duniani. Nani kati yetu hakuambiwa na bibi kwamba chini kuna kitu kikubwa? Lakini samaki wa ziwa lile wako juu. Ukishapita mita 100 au 200, kutegemea na sehemu, oksijeni inaisha, na maji yote yaliyobaki hayana samaki hata mmoja. Bahari ni tofauti, chini kuna oksijeni. Tunachosema ni kwamba kina si ghala. Mzee mmoja wa hapa kambini, mvuvi tangu ujana wake, alitusikiliza akasema: "Miaka yote ile tulikuwa tunawasha taa usiku, ndagala wanatufuata juu. Hatujawahi kuwafuata chini." Mvuvi anajua chakula kiko wapi.

Hoja kubwa ya upande wa pili si Challenger. Ni silikanti. Na tunaiheshimu, juu inatokea upande wetu wa Afrika. Wataalamu walikuwa wamesema huyu samaki ameisha miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosauria. Desemba 1938 akatokea kwenye nyavu za meli ya uvuvi Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, dada aliyekuwa anasimamia makumbusho ya mji wa East London, akamwona kwenye lundo la samaki. Mwaka 1952 akapatikana wa pili huko Komoro. Na wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua siku zote, wana jina lake, gombessa! Tanzania nao walianza kuwapata 2003, na leo Tanga kuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Kwa hiyo kijana wetu anauliza: kama walikosea kwa silikanti, kwa nini wasikosee kwa megalodoni?

Swali halali. Lakini mtazame silikanti mwenyewe. Urefu wake haufiki mbali na mita 2. Mchana anajificha kwenye mapango ya miamba, maji ya mita mia na zaidi, anakwenda taratibu, anakula kidogo. Mahali kama pale mabaki hayahifadhiki vizuri. Samaki wa namna hiyo anaweza kupotea machoni pa wasomi, na hata yeye hakupotea machoni pa wavuvi. Megalodoni ni kinyume kwa kila kitu: mkubwa, mlaji, wa pwani, mwaga meno. Karne ya 20 meli za kuwinda ziliua karibu nyangumi milioni 3, wakachunwa mmoja mmoja na watu wenye visu. Kovu la mdomo ule lingefichwa wapi? Na wavuvi gani wana jina lake la kila siku, kama Wakomoro walivyokuwa na gombessa?

Mtatuuliza kwa nini tunahangaika na samaki wakati kambi ina shida za kutosha. Tutasema ukweli. Mwaka jana mmoja wetu alitoa shilingi 200,000 kwa mtu aliyesema kuna orodha ya siri ya kwenda Kanada. Tulimuuliza, umeiona hiyo orodha? Akajibu: "Na nyinyi mnaweza kuhakikisha kwamba haiko?" Pesa ile ilikuwa ya cherehani ya mama yake. Jumatatu yule kijana alipowaambia watoto "banaificha tu, na hakuna anayeweza kuhakikisha haiko", sauti ilikuwa ileile, mpaka mwenzetu akatoka nje. Anayesema kitu kipo ndiye alete jino. Sisi hatudaiwi kukausha bahari.

Na msidhani wanaodanganywa ni sisi wa kambini tu. Mwaka 2013 televisheni ya Discovery ya Marekani ilirusha kipindi kizima kwamba megalodoni yu hai, na "wataalamu" waliokuwa wanahojiwa walikuwa waigizaji. Onyo lilipita haraka mwishoni. Watu mamilioni waliangalia, watu wenye shule nzuri na umeme usiozimika.

Kuna dada mmoja kwenye kikundi alitulaumu kwamba tunawavunja watoto moyo, waacheni waote. Tulifikiri juu ya neno lake. Lakini bahari haihitaji kuongezewa chumvi. Mwaka 1976 huko Hawaii meli ya jeshi ilivuta papa wa mita 4 na nusu ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumwona, mdomo mkubwa kama beseni, anachuja viumbe wadogo. Kuna papa wa Greenland, kwenye maji ya barafu, ambaye mmoja aliyepimwa alikadiriwa kuwa na miaka isiyopungua 272. Alikuwa anaogelea kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Hawa ndio wakubwa wanaoweza kuishi kule: wavivu, wa baridi, wala kidogo.

Jana tuliwachorea watoto hao wawili ukutani, papa wa Greenland na silikanti, na chini yao ile kamba ya mita 16. Wale waliokataa kuchota maji wamerudi ziwani, na tumewaonya kuhusu viboko. Yule kijana mkubwa naye alikuja, akasimama nyuma kimya, mikono mfukoni. Mwishoni akauliza kama silikanti analiwa. Tukamwambia wavuvi wa Komoro hawampendi, nyama yake ina mafuta mabaya, inaharisha.