Nani Kasema Wakimbizi Hawana Lugha?

"Hawa watu hawana lugha." Kauli hiyo husikika mara kwa mara katika madirisha ya huduma mjini Mbarara, anaposimama mkimbizi kutoka Nakivale asiyejua Kiingereza. Siikubali hata chembe. Mama wa Masisi anayeambiwa hana lugha huenda anajua Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Karani aliye mbele yake anajua Kinyankole na Kiingereza. Hapo zipo lugha tano. Kinachokosekana ni nia.

Nenda sokoni Base Camp uone. Msomali anamuuzia Mkongomani unga kwa Kiswahili, na bei inapatana. Bombani Mrundi anasema Kirundi, Mnyarwanda anamjibu kwa Kinyarwanda, hakuna anayetafuta mkalimani. Maji kwao wote wawili ni amazi; kwa Mnyankole, mwenyeji wao, ni amaizi. Hivyo ndivyo wafanyavyo Wadenmaki, Wanorwe na Waswidi: kila mtu hushika lugha yake, akapunguza kasi na kuepuka neno gumu. Tena mwaka 1981 nchi za Nordiki zilitia saini mkataba ili raia wa nchi moja aweze kutumia lugha yake katika ofisi za nchi nyingine. Hata Kifini kiliingizwa, ingawa hakina udugu wowote na Kiswidi. Kwao huo ni ujirani. Kwetu ni kukosa lugha.

Najua jibu litakalokuja: "Wako Uganda, wajifunze Kiingereza." Wanajifunza. Lakini ugonjwa haungoji mtu amalize kozi. Kwa hiyo mama anamtoa darasani binti yake wa miaka kumi, waende wote hospitalini. Mtoto huyo ndiye atakayemweleza daktari mama anatokwa damu wapi na tangu lini. Ndiye atakayekisia dawa imezwe mara ngapi. Watu wazima wanaolipwa mshahara wanamtazama, wanaandika anachosema.

Wala tusisingizie sheria. Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike kadiri Bunge litakavyoweka kwa sheria. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Bado wapo wanaokiita lugha ya askari na wezi, wakikumbuka enzi za Amin. Machungu yale ni ya kweli. Lakini huyu mama aliyesimama dirishani alikimbia bunduki, hakuzibeba.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusijitakase. Mkongomani akisema "batoto", tunacheka na kumsahihisha kabla hajamaliza kueleza shida yake. Mbona tumeelewa? Kwa Mnyankole asemaye "abaana", hiyo ba- iko karibu kuliko wa- yetu ya vitabuni.

Kila ofisi inayopokea watu wa Nakivale iajiri mkalimani wa Kiswahili, kwa mshahara, tena kutoka Nakivale kwenyewe. Wapo walimu na wauguzi kutoka Kongo ambao leo wanauza nyanya kando ya barabara.