Nani Alimrudishia Uhura Kumbukumbu Zake?

Sikutarajia kwamba katika uzee wangu, baada ya kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu na kutulia hapa Tandika, ningegombana na mjukuu wangu kwa ajili ya chombo cha angani. Lakini tuligombana, na mpaka leo naamini haki iko upande wangu.

Mjukuu huyo anapenda Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani ulioanza mwaka 1966 na ambao umekuwa ukizaa mifululizo mingine hadi karne hii. Alinionyesha kwa sababu ya afisa wa mawasiliano wa chombo hicho, Mwafrika aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Aliigizwa na Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022. Nilifurahi kumwona mwanamke mweusi akishika kazi ya heshima miaka ile ambayo weusi wa Marekani walikuwa bado wanadai haki zao.

Kisha tukafika kwenye kipindi kiitwacho "The Changeling", cha Septemba 1967. Mtambo mmoja unamsikia Uhura akiimba, unataka kuuelewa wimbo, na katika kumchunguza unamfuta kumbukumbu zake. Mama mzima, msomi, anarudi kuwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Anafundishwa kusoma upya, na akikwama kwenye Kiingereza anatoa Kiswahili. Hapo niliinuka kitini. Kama alifutwa kila kitu, Kiswahili kilijificha wapi? Na kama kilibaki, mbona hawakumfundisha kwa lugha hiyo? Mwishoni daktari anatangaza kwamba amekwisha fika kiwango cha chuo, na kwamba katika muda wa wiki moja atarudi kazini.

Wiki moja! Mwalimu yeyote anajua mtoto huchukua muda gani kusoma sentensi moja bila kukwama. Na baada ya hapo Uhura yuko kwenye kiti chake kama kawaida. Hakuna anayemuuliza hata kama anamkumbuka mama yake mzazi.

Mjukuu akasema, "Babu, hiyo ni hadithi tu." Akaongeza hoja nzuri zaidi: zamani zile kila kipindi kilitengenezwa kijitegemee, na hata Nahodha Kirk mwenyewe alisahau misiba yake wiki iliyofuata. Nakubali kazi ilifanyika hivyo. Lakini kueleza chanzo cha kosa si kulifuta kosa.

Wala halikuishia hapo. Katika filamu ya mwaka 1991, "The Undiscovered Country", Uhura yule yule anahangaika na vitabu ili aseme maneno machache ya Kiklingoni, lugha ya mahasimu wakubwa wa watu wake. Katika "Strange New Worlds", mfululizo ulioanza mwaka 2022 na kusimulia ujana wake, tunaambiwa alikulia Kenya na anajua lugha 37. Mtu wa lugha 37 anakuja kuaibishwa na kamusi utu uzimani? Mwenye kuipenda hadithi atasema ule mtambo ndio uliomharibu. Basi mwandishi angesema mwenyewe! Mtazamaji si fundi wa kuziba matundu ya paa la mwenzake.

Sisi hapa tulikuwa na "Twende na Wakati", mchezo wa Redio Tanzania ulioanza mwaka 1993. Dereva wa lori Mkwaju hakusahauliwa matendo yake. Alivyoendesha maisha yake ovyo, ndivyo Ukimwi ulivyomfikia. Mchezo ule haukuwa na fedha za Hollywood, lakini ulikuwa na kumbukumbu, na ndiyo maana tuliuamini.

Hili si jambo dogo. Kijana akizoea hadithi ambamo mtu anaumizwa leo na kesho hakuna anayekumbuka, atazoea kuwatazama majirani zake kwa macho hayo hayo. Mwandishi ana ruhusa ya kubuni nyota, sayari na vyombo viendavyo kasi kuliko mwanga. Hana ruhusa ya kumvunja mtu kisha akamsahau.

Nani alimrudishia Uhura kumbukumbu zake? Nimemuuliza mjukuu wangu mara tatu. Bado nangoja jibu.