Karatasi ya rufaa si hukumu ya kifo

Chukulia mama wa miaka 43, mkulima, mwenye watoto wanne. Kwa miezi minane amekuwa akitokwa damu baada ya tendo la ndoa na nje ya siku zake. Alianza kwa kununua dawa duka la karibu, akaambiwa ni uchafu wa kizazi. Ilipozidi, akaenda kwa mganga. Leo ametoka hospitali ya wilaya na majibu: saratani ya mlango wa kizazi. Amepewa karatasi ya kwenda hospitali ya rufaa.

Jioni kikao cha familia kinaitishwa. Shemeji anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Mama mkwe anauliza nani atabaki na watoto. Mume hajasema neno, anapiga hesabu ya nauli. Mwisho karatasi inawekwa kabatini "mpaka tuvune".

Hapo kabatini ndipo maisha ya mama yanapoponyoka. Ugonjwa hausubiri mavuno.

Wilayani kuna nini?

Wengi huamini kwamba saratani ni ugonjwa wa hospitali kubwa tu, hivyo huipita hospitali iliyo karibu nao. Ukweli ni kwamba kazi kubwa inaweza kufanyika hapo hapo.

Kwanza ni uchunguzi. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki maalumu, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Hakuna kukatwa wala kulazwa. Mabadiliko ya awali, ambayo bado si saratani, mara nyingi hutibiwa kwa tiba mgando au kwa kuunguzwa kwa joto kidogo, na mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze miaka 30. Kwa wanaoishi na VVU ni miaka 25, kwa sababu hatari yao ni mara sita ya wanawake wengine. Anayepimwa kwa siki hurudia kila baada ya miaka mitatu.

Pili ni kuchukua kinyama. Daktari akiona kidonda au uvimbe, hukata kipande kidogo na kukipeleka maabara. Hapa familia iwe makini: mama asikubali kutolewa kizazi kwa sababu ya damu kabla mlango wa kizazi haujachunguzwa na majibu ya kinyama, kama kimechukuliwa, hayajarudi. Saratani ikigundulika baada ya upasuaji wa kawaida wa kutoa kizazi, matibabu yanayofuata huwa magumu zaidi.

Tatu ni kumwandaa mgonjwa. Aliyepoteza damu nyingi huongezewa, hupimwa figo na VVU, na maambukizi hutibiwa. Akifika hospitali ya rufaa akiwa na nguvu, matibabu hayacheleweshwi.

Kwa nini aende mbali?

Matibabu hutegemea hatua ya ugonjwa. Ukiwa bado mdogo, upasuaji wa daktari bingwa unaweza kutosha. Ukiwa umesambaa kwenye nyonga, tiba kuu ni mionzi pamoja na dawa za saratani, na hapo pia lengo huweza kuwa kuponya. Mashine za mionzi hazipo wilayani. Zipo katika vituo vichache, ikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza.

Mionzi ya nje kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano, na baadaye hufuata mionzi ya ndani. Kila siku ni dakika chache tu, lakini mgonjwa hawezi kuikatiza akarudi kupalilia. Akikatiza, nafasi ya kupona hupungua.

Kwa hiyo swali la mama mkwe ni la maana kuliko hadithi ya kisu. Nani atabaki na watoto wiki zote hizo? Mgonjwa atafikia wapi? Nani atamsindikiza? Mambo haya yapangwe kabla ya safari. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali aulizwe mapema kuhusu msamaha wa gharama na malazi, na bima kama ipo ihakikiwe.

Kabla ya kuondoka, daktari aulizwe maswali manne: Ugonjwa uko hatua gani? Matibabu ni ya kuponya au ya kupunguza mateso? Yatachukua muda gani? Nikirudi nyumbani, nani atanifuatilia? Majibu ya kinyama yabebwe yenyewe pamoja na karatasi ya rufaa, na nakala ibaki nyumbani. Bila majibu hayo mgonjwa anaweza kuanza vipimo upya.

Hata pale ambapo kupona hakuwezekani tena, hospitali ya karibu bado ina kazi. Tiba shufaa hupunguza maumivu, harufu na kutokwa damu. Morfini ya maji, ikitolewa na kusimamiwa na wataalamu, humwezesha mgonjwa kulala na kuzungumza na wanawe. Kuipata si dalili kwamba madaktari wamemkatia tamaa.

Na mabinti wa nyumba hiyo wasisahaulike. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani hii mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 dozi moja inatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Shangazi na dada wakubwa nao wakapimwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mama huyu ufa umeshakuwa mkubwa, lakini ukuta haujaanguka. Kikao cha familia kikae tena kesho asubuhi, karatasi itolewe kabatini, na ajenda iwe moja: siku ya safari.