Kitanda cha Angani na Mfuko wa Umma

Kila kampuni kubwa ya ndege inapotangaza kiti kipya cha daraja la biashara, huzuka upya mabishano ya zamani miongoni mwa wasafiri wetu wa mbali. Mmoja huapa kwamba hakuna kama Qatar Airways. Wa pili husifu chakula cha Turkish Airlines. Wa tatu huona fahari kusema kwamba yeye husafiri na Kenya Airways kwa kuwa ni ya nyumbani. Huenda msomaji akashangaa kwa nini gazeti hili linajiingiza katika mazungumzo ya wachache, ilhali wasomaji wetu walio wengi husafiri kwa basi. Sababu ni moja. Sehemu ya tiketi hizo hununuliwa kwa fedha za umma, na si ajabu nauli ya mbele kuwa mara tatu au zaidi ya ile ya nyuma. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza anachonunua.

Yafaa kwanza kukumbuka daraja hili lilivyozaliwa. Wakati Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipokuwa likirusha Super VC10 zake kwenda London, abiria walikuwa wa namna mbili tu, wa daraja la kwanza na wa daraja la kawaida. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo zikazaliwa Kenya Airways na Air Tanzania. Mwezi Septemba wa mwaka huo Freddie Laker wa Uingereza alianzisha safari zake za nauli ya chini kati ya London na New York, na makampuni makubwa yakalazimika kushusha nauli ili yasikimbiwe. Hapo ndipo wafanyabiashara waliokuwa wakilipa nauli kamili ya daraja la kawaida walipoanza kunung'unika kwamba wanabanwa bega kwa bega na watalii waliolipa kidogo. Mwaka 1978 British Airways na Pan American ziliwatenga abiria hao katika sehemu yao, na mwaka uliofuata Qantas ya Australia nayo ikawa na daraja la biashara. Kwa hiyo daraja hili lilianza kama fidia ya mtu aliyelipa nauli kamili. Halikukusudiwa kuwa kiti cha enzi.

Mambo yalibadilika mwaka 2000, British Airways ilipoweka katika daraja hilo viti vinavyolala sawasawa na kuwa vitanda. Ili kupata nafasi, ilivipanga viti hivyo kimoja kikitazama mbele na jirani yake kikitazama nyuma, hata abiria wawili wasiojuana wakawa wanatazamana uso kwa uso wakati ndege inaruka, mpaka kiinuliwe kiwambo kati yao. Watu waliicheka, lakini walilala. Tangu siku hiyo kampuni ambayo kiti chake hakilali ilikuwa imekwisha kushindwa katika safari ya usiku, hata ingemwaga shampeni kama maji.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha ndege na aanze na kitanda, na hesabu yake si ngumu. Ahesabu viti katika mstari mmoja. Ndege ya Boeing 777 yenye viti viwili dirishani, vitatu katikati na viwili upande wa pili ina watu saba mstarini. Yule wa katikati amelipa fedha nyingi ili aombe radhi kila aendapo msalani. Yenye kiti kimoja, viwili na kimoja ina watu wanne, na kila mmoja hutoka bila kumruka jirani. Ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Emirates, ambayo katika ndege zake kubwa za A380 ina mpangilio wa wanne na hata baa ghorofani, kwa miaka mingi iliendesha 777 zenye watu saba mstarini, na ni hizo 777 ambazo wasafiri wa Nairobi na Dar es Salaam wamezizoea. Ilianza kuzirudisha ndege hizo barabarani zikiwa na mpangilio mpya mwaka 2024. Turkish Airlines nayo inazo 777 za watu saba, wakati A350 zake ni za wanne.

Qatar Airways ilizindua mwaka 2017 kile inachokiita Qsuite: kijichumba chenye mlango wa kusukuma, na katikati vitanda viwili vinavyoweza kuunganishwa kwa mtu na mkewe. Hatuoni haya kukiri kwamba ni kazi nzuri. Lakini shirika hilo lina ndege nyingine zisizo na Qsuite, zikiwemo 787-8, ambazo viti vyake ni vizuri ila havina mlango. Anayesoma sifa za kimoja akakalishwa katika kingine asimlaumu aliyesifu.

Na nyumbani? Kenya Airways ilipokea 787 yake ya kwanza mwaka 2014, yenye viti 30 mbele na 204 nyuma. Vile vya mbele vinalala sawasawa, lakini vimepangwa viwili viwili, hata wa dirishani hana budi kuipita miguu ya mwenziwe gizani. Ethiopian Airlines, iliyokuwa ya kwanza Afrika kuwa na 787 mwaka 2012 na A350 mwaka 2016, imepanga vivyo hivyo katika A350-900 zake. Air Tanzania ilipata 787 yake mwaka 2018, ikiwa na viti 22 vya daraja hilo. Kwa mlango na kijichumba, basi, mashirika yetu yameachwa nyuma. Hilo tuliseme wazi badala ya kujificha nyuma ya bendera iliyochorwa mkiani.

Hata hivyo kuna jambo ambalo washabiki wa milango hulisahau. Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda London kwa kupitia Doha hukaa angani kiasi cha saa sita, huamshwa, hukaguliwa mizigo, hungoja, kisha hukaa angani saa saba nyingine. Kitanda chake ni kizuri, lakini kimekatwa vipande viwili. Akitoa muda wa chakula na wa kufunga mkanda, hubakiwa na saa tatu hapa na nne pale. Mtu aruke Nairobi usiku moja kwa moja hadi London, safari ya saa nane na nusu au tisa, katika kitanda cha kawaida kisicho na mlango, naye atashuka akiwa amelala zaidi. Safari ya Kenya Airways ya Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa Oktoba 2018, huchukua karibu saa 15 bila kutua. Kwetu sisi, saa hizo 15 zisizokatika ni bora kuliko mlango wowote.

Tena ndege yenyewe ina sehemu yake. Hewa ndani ya ndege nyingi za zamani hufanana na hewa ya mahali penye mwinuko wa mita 2,400 hivi, yaani kama Addis Ababa. Ndani ya 787 na A350 ni kama mita 1,800, yaani Nairobi. Mtu wa pwani aliyewahi kupanda Addis akapata kichwa kuuma usiku wa kwanza ataelewa tunachosema. Uzuri wake ni kwamba nafuu hiyo humfikia pia yule aliyekaa kiti cha mwisho kabisa, bila kulipa senti zaidi.

Kuhusu chakula, porojo ni nyingi kuliko ukweli. Hakuna mpishi apikaye angani. Chakula hupikwa chini, hupozwa, kisha hupashwa moto katika majiko ya ndege. Hata yule mpishi wa Turkish Airlines mwenye kofia nyeupe, pamoja na vitaa vyake mfano wa mishumaa, kazi yake ni kukipanga na kukiandaa vizuri kilichopikwa chini. Juu ya hayo, ulimi wenyewe hubadilika. Mwaka 2010 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ikifanya kazi kwa ajili ya Lufthansa, iliwalisha watu katika hali ya hewa nyembamba na kavu kama ya ndegeni, ikaonekana kwamba chumvi na sukari hazisikiki vema, ilhali juisi ya nyanya hupendeza kuliko nchini. Ndiyo sababu nyama ya kuchoma, fahari ya orodha nyingi za vyakula, hufika mezani kama soli ya kiatu, na samaki mkavu huwa mkavu zaidi. Kinachostahimili safari ni mchuzi, viungo, nyanya, nazi na ukwaju.

Hapa ndipo penye nafasi yetu. Ethiopian Airlines imelijua hilo, ikawapa abiria injera na mchuzi wake bila kuona aibu, na watu wakaipenda. Singapore Airlines humruhusu abiria kuagiza chakula chake kikuu saa 24 kabla ya kuruka. Kwa nini biriani, samaki wa kupaka au maharage ya nazi visiwe fahari ya ndege zetu, badala ya kuiga kipande cha nyama cha Ulaya ambacho Wazungu wenyewe hawakiwezi angani? Msafiri Mwislamu naye akumbuke kwamba Emirates na Qatar Airways huandaa chakula cha halali kwa wote. Katika mashirika mengi ya Ulaya hana budi kuagiza mapema.

Huduma za wahudumu hatutazipima hapa, maana hutegemea binadamu wa siku ile. Vizawadi tutavipita upesi vilevile. KLM huwapa abiria wa daraja la biashara kijumba cha kauri chenye kinywaji ndani, desturi yake tangu miaka ya 1950. Ni kitu kizuri cha kuweka sebuleni. Kikipangwa kwa kumi na mbili katika kabati la ofisi ya umma, kinasema mengi.

Mwenzetu mmoja wa gazeti hili aliwahi kununuliwa tiketi ya daraja hilo kwenda mkutanoni, katika kampuni ambayo hatutaitaja. Picha aliyoonyeshwa ilikuwa ya kitanda kilicholala. Ndege iliyokuja ilikuwa nyingine, na kiti chake kililala kimshazari, hata usiku kucha alikuwa akiteleza kuelekea miguuni kama gunia juu ya mteremko. Alipolalamika alijibiwa kwamba daraja ni lile lile. Jina la daraja ni lile lile, ndiyo, na nauli ni ile ile, lakini kilichouzwa hakikuletwa. Kampuni inayouza kitanda haina budi kuandika katika tiketi ni kitanda cha namna gani, na ikibadili ndege irudishe tofauti bila kubembelezwa.

Twarudi kwa mlipa kodi. Novemba 2015 Rais John Magufuli wa Tanzania aliwakataza watumishi wa Serikali kusafiri madaraja ya juu, isipokuwa Rais, Makamu wake na Waziri Mkuu. Wananchi walishangilia, na kwa haki. Lakini katazo la namna hiyo hutegemea ukali wa mtu, na mtu hupita. Marekani, nchi tajiri kuliko sisi sote, ina kanuni ya saa: kwa kawaida mtumishi wake wa umma hukaa daraja la kawaida, na safari isipozidi saa 14 hawezi kutumia urefu wake kama sababu ya kuomba daraja la biashara. Kanuni hiyo haijali cheo, inajali uchovu. Kwa kanuni hiyo hakuna mkurugenzi wa kwetu ambaye angelazwa kitandani mchana kweupe kwa saa tano za Nairobi hadi Dubai, wala fundi aliyeitwa kurekebisha mitambo asingenyimwa kulala usiku mzima kwa kuwa cheo chake ni kidogo.

Tunaziomba wizara za fedha za nchi zetu zianze na jambo dogo lisilohitaji sheria mpya. Kila ombi la tiketi ya daraja la biashara lioneshe mambo manne: aina ya ndege, saa za kukaa angani bila kukatika, kama safari ni ya usiku au ya mchana, na saa ambayo msafiri anatakiwa kuanza kazi baada ya kushuka. Mhasibu asiyeona moja kati ya hayo alirudishe ombi.