Nembo Ndogo, Bango Kubwa

Shule au chama kinataka bango la upana wa mita 2, lakini nembo iliyopo ni kipicha kilichotumwa kwa simu. Bango linapotoka kwa mchapishaji, herufi zina ukungu na kingo zimekuwa ngazi ngazi. Pesa nazo zimekwisha kulipwa!

Usimlaumu mchapishaji. Picha ya kawaida, ambayo mafundi huiita rasta (si wale wa nywele za kusokota), ni mkusanyiko wa nukta za rangi. Nembo yenye nukta 200 kwa upana, ukiitandaza kwenye bango hilo, kila nukta huwa na upana wa sentimita 1. Jicho litaona vijisanduku tu.

Dawa ni kuigeuza iwe vekta. Hii haihifadhi nukta bali maelezo ya mistari: inaanzia wapi, inapinda vipi na inaishia wapi. Hesabu za mistari hiyo zilikuzwa Ufaransa na watu wa viwanda vya magari, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault. Ukiukuza mchoro, kompyuta hupiga hesabu upya, na kingo hubaki kali, iwe ni kwenye kalamu au ukutani.

Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, huifanya kazi hiyo. Chagua picha, fungua menyu ya Path, kisha bonyeza Trace Bitmap. Lakini isafishe picha kwanza, kwani kompyuta haijui doa ni doa, italichora pia. Nembo ya rangi 3 iombee rangi 3, si 20. Herufi ndogo ziandike upya. Mwishowe futa picha ya awali iliyobaki chini ya mchoro, kisha uhifadhi faili ya SVG. Kubadilisha jina la faili pekee hakugeuzi chochote.

Uso wa bibi harusi je? Huo usiuguse. Vekta hufaa nembo, ramani na michoro. Ngozi na vivuli vyake huigeuza kuwa mabaka. Mwombe mpiga picha faili yake kubwa.

Nawe katibu wa chama, siku ya kumlipa mchoraji wa nembo, mdai faili ya vekta kabla ya kutoa shilingi ya mwisho. Akiba haiozi.