Mwaka wa Kwanza Tulifundishwa Kupika Data

Makamanda, leo naanza na kukiri kosa langu mwenyewe.

Nilipoingia mwaka wa kwanza wa uhandisi kemikali, chuo cha umma, jina naliacha, jaribio letu la kwanza labu lilikuwa la Osborne Reynolds. Huyu alikuwa profesa kule Manchester. Mwaka 1883 alionyesha kwamba ukipitisha maji taratibu kwenye bomba la kioo na kuingiza rangi katikati, rangi inanyooka kama uzi. Ongeza kasi, ikifika mahali rangi inavurugika na kutapakaa bomba zima.

Sisi tulikuwa zaidi ya 40, kifaa kimoja, pampu imekufa. Tukaambiwa tuchukue jedwali la waliotutangulia, tubadilishe desimali kidogo, tuandike ripoti. Nikaandika, "Tuliona rangi ikivurugika." Sikuona kitu! Nikapata 17 kati ya 20. Mwenzetu mmoja aliandika ukweli kwamba pampu haifanyi kazi. Akala sapu.

Hilo ndilo somo tulilotoka nalo labu: mkweli anafeli, mpishi anafaulu.

Simlaumu fundi wa maabara. Yule mzee alishaandika barua za kuomba pampu mpaka akachoka. Na ada ya vitendo tulilipa wote, risiti tunazo.

Sasa njoo kwenye siasa. Tumeimbiwa Tanzania ya viwanda mpaka masikio yakauma. Mwaka 2015 bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likazinduliwa, limejengwa na Wachina kwa mkopo wa China. Mhandisi anayepanga bomba lolote, la maji, mafuta au gesi, lazima aijue namba ya Reynolds. Je, siku wageni wakiondoka, nani atasoma geji? Mimi niliyepika data? Kwenye karatasi desimali haiui mtu. Kwenye gesi inaua.

Watasema hela hakuna. Waongo! Chukua ndoo, bomba linaloonyesha la kipenyo cha milimita 10, koki, wino, bomba la sindano na simu ya kupimia muda. Acha maji ya ndoo yatulie kwanza. Chupa ya lita moja ikijaa kwa dakika moja na nusu hivi, wino unanyooka. Fungua koki mpaka ijae kwa nusu dakika, wino unatapakaa. Jaribio zima halifikii bei ya tairi moja la shangingi la mkubwa. Kwa hiyo tatizo si umaskini, ni vipaumbele.

Tufanye nini? Matawi yetu ya vyuoni yahesabu vifaa vilivyopo na vinavyofanya kazi, yaweke orodha hadharani. Wabunge wetu waulize ada ya vitendo inaenda wapi. Na wewe mdogo wangu unayeingia labu wiki ijayo, ukikuta pampu imekufa, andika imekufa. Msiandike wawili watatu, andikeni darasa zima. Mmoja watampa sapu. Darasa zima hawawezi.

Hatuwezi kudai serikali iseme ukweli wakati sisi wenyewe tunafaulu kwa uongo.

Mapambano yanaendelea!