"Ngapi" Ni Somo Letu Pia

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Baraka, mdogo wangu wa sekondari aliniletea daftari lake la hisabati. Maelezo yote ya Kifaransa alikuwa ameyakariri bila kosa, ila maana hakuiona. Nikamuuliza: "Mitumbwi mitatu ikienda ziwani usiku, mingapi inaweza kurudi na dagaa?" Akajibu papo hapo: sifuri, mmoja, miwili au mitatu. Tayari alikuwa ametaja thamani zote za kigeu nasibu, yaani idadi inayoamuliwa na bahati.

Wenzangu wengi husema hayo si ya kitivo cha lugha. Nakataa. Kiswahili chenyewe hutenganisha "-ngapi" na "kiasi gani". Mitumbwi huhesabiwa mmoja mmoja, mvua hupimwa. Hata muuza dagaa sokoni hutanguliza ndoo au sahani kabla hajaulizwa "ngapi?" Hisabati nayo huanzia kwenye tofauti hiyohiyo.

Kinachofuata ni mgawanyo: kila jibu hupewa uwezekano wake, na jumla huwa 1. Tuseme kila mtumbwi una nafasi nusu kwa nusu ya kupata, bila kutegemea mwingine. Yote kurudi mitupu ni 1/8, mmoja kupata ni 3/8, miwili, 3/8, yote mitatu, 1/8. Wastani ni 1.5, ingawa hakuna aliyewahi kupokea mtumbwi mmoja na nusu ufukweni.

Mdogo wangu akapinga: "Lakini yaya, mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa. Yote inarudi mitupu." Kweli kabisa! Mitumbwi iliyo chini ya mwezi mmoja haiwezi kuhesabiwa kana kwamba kila mmoja una bahati yake. Hilo ni pingamizi la mtakwimu, na lilitoka kwa kijana aliyedhaniwa hajui hesabu.

Sisemi Kifaransa kiondoke. Mtihani wa taifa bado unakisubiri. Lakini Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na heshima hiyo haina maana kama haifiki ubaoni. Kazi ya kuunda istilahi ni yetu. Tuianzie kwenye maswali ambayo watu huulizana sokoni, kisha twende vijiji vya Fizi tukasikilize Kibembe kinavyouliza "ngapi".